Jinsi ya Kutalii West Bay Bila Kuyeyuka

Hongera kwa kupangiwa West Bay. Wenzako mliopanda nao ndege moja kuja Doha wamepelekwa kulinda maghala kule Industrial Area, ambako upande huu kuna ukuta na upande ule kuna ukuta mwingine. Wewe umepewa mnara wenye mlango wa kioo unaozunguka wenyewe, na ukisimama pembeni kidogo, bila supavaiza kukuona, unapata kipande chembamba cha bahari kati ya benki na wizara.

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi anayetaka kuujua mtaa anaoufanyia kazi: mlinzi, msafishaji, mpeleka chai, karani wa dawati la mapokezi. Mtalii hauhitaji. Mtalii huletwa na gari hadi mlango wa hoteli, hula, huangalia taa, na gari humchukua mlangoni hapohapo. Akirudi kwao husema Doha ni safi sana, na ni kweli, kwa sababu hakukanyaga chini. Wewe una viatu vyeusi vya kampuni, mapumziko ya saa moja ambayo dakika kumi na tano zake humezwa na foleni ya lifti, na mashati mawili. Hivyo vinatosha.

Kabla hujatoka nje

Ujue kwanza unakanyaga nini. Hapo uliposimama palikuwa bahari. Miaka ya 1970 ghuba ilijazwa: mchanga ulifyonzwa chini ya maji ukamwagwa kando, na pwani ikachongwa upya hadi ikapata ule upinde mzuri wa Corniche, kilomita saba hivi, ambao utaambiwa na kila mtu kuwa ni wa kutembea. Kazi ya kuchora mtaa mpya alipewa Mmarekani William Pereira. Huyu ndiye aliyewachorea watu wa San Francisco jengo la Transamerica, ambalo ni piramidi. Doha ilipotaka hoteli, Pereira alikaa akafikiri, akachora piramidi. Hoteli hiyo, Sheraton, ilifunguliwa mwaka 1982 na kwa miaka mingi ikawa karibu peke yake juu ya mchanga mpya, mpaka pesa ya gesi ilipokuja kuizungushia vioo. Leo imekuwa kijizee kifupi miongoni mwa vijana warefu, lakini ndiyo wanayoijua madereva wote, kwa hiyo ukipotea taja Sheraton.

Mwaka huohuo wa 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi. Kwa karne nyingi kabla ya hapo majahazi yalipakia boriti Lamu na Rufiji, yakangoja kusi, yakavuka nazo hadi Ghuba. Huku hakuna miti ya maana. Dari za nyumba zilishikiliwa na mikoko ya kwetu, na fundi hakuweza kujenga chumba kipana kuliko urefu wa boriti aliyoletewa. Yaani babu wa mwenye mnara wako alilala katika chumba kilichopimwa kwa mti wa Lamu. Siku msimamizi atakapokueleza kwamba watu wa kwenu mmeanza kuonekana huku juzijuzi, kwa sababu ya Kombe la Dunia, itikia kwa adabu. Yeye ndiye anayepanga zamu.

Ramani ya kivuli

Usinunue ramani ya Doha. Ramani ya simu nayo itakudanganya: itasema ni dakika nane kwa miguu, na itakuchorea mstari wa vidoti vya buluu ulionyooka. Mstari huo ulichorwa na mtu aliyekaa ndani. Unachohitaji ni ramani ya kivuli, na hiyo hakuna anayeiuza. Inabidi uirithi kwa mlinzi aliyekutangulia, ambaye naye alirithi kwa Mnepali aliyejenga jengo.

Kanuni za mwanzo ni nyepesi. Asubuhi kivuli cha mnara huangukia magharibi, kwa hiyo tembea ukiwa umeuweka mnara kati yako na bahari. Alasiri mambo hugeuka, utembee upande wa bahari. Adhuhuri ndipo penye kazi. Doha ipo kaskazini kidogo tu ya mstari ambao jua hufika utosini mwezi wa Juni. Piga hesabu: mnara wa mita 200, saa sita ya jua, katikati ya Juni, hutoa kivuli cha mita sita na kidogo. Mita mia mbili za saruji, chuma na kioo, mabilioni ya riyali, na kivuli chake hakitoshi kuegesha Land Cruiser mbili mkia kwa mkia. Hicho kivuli kipo upande wa kaskazini, kimeng'ang'ania ukuta, na ukikifikia utakuta wafanyakazi wanne wa bustani wameshakaa. Salimia. Watasogea.

Hapa niseme jambo kuhusu sheria, kwa kuwa mwongozo wowote mzuri huwa na aya ya sheria. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kufanya kazi juani kumekatazwa tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Aidha, kipimo kile kinachochanganya joto, unyevu, upepo na makali ya jua kikipita nyuzi 32.1, kazi ya nje isimame saa yoyote ile. Ni sheria nzuri, na imeokoa watu. Ila soma vizuri: imekataza kazi. Haikusema lolote juu ya mtu anayetafuta chapati. Mapumziko yako ya mchana yameangukia katikati kabisa ya muda ambao dola, baada ya kusikiliza wataalamu, imeamua kuwa binadamu hapaswi kuwa nje. Huo ndio muda wako wa utalii.

Mwezi wa Agosti kuna nyongeza. Joto hupungua kidogo na bahari hulipia pengo hilo kwa unyevu. Ukitoka mlangoni miwani yote itaingia ukungu kwa mara moja, na utasimama barazani kama kipofu huku mlango ukizunguka nyuma yako. Usiifute mara ya kwanza, ni kazi bure. Hesabu hadi ishirini ndipo ufute. Wageni hujulikana kwa kufuta mapema.

Na ikiwa unataka kitu cha kukuchekesha njiani, fahamu kwamba chini ya nyayo zako yapo maji ya baridi. West Bay ina mitambo inayopoza maji kwa wingi na kuyasukuma kwa mabomba ya ardhini hadi kwenye minara, ambako hupoza hewa ya ofisi kisha hurudi mtamboni kupozwa tena. Ni mfumo wa akili na huokoa umeme mwingi. Maana yake ni kwamba unapovuka uwanja wa wazi huku soli ya kiatu ikianza kulainika, kuna mto wa baridi unapita chini yako, unakwenda kumfanya mhasibu wa ghorofa ya thelathini avae sweta.

Kuvuka barabara

Katika West Bay njia ya miguu ni ahadi. Huanza vizuri, kwa matofali yaliyopangwa kwa ustadi, na hata alama za manjano za kumwongoza asiyeona. Kisha hufika kwenye mdomo wa maegesho ya chini, huruka, huonekana tena upande wa pili ikiwa nyembamba, hukutana na mti, hukutana na kibao cha ujenzi, na mwisho hufika kwenye gari jeupe lililopandishwa juu yake. Usimlaumu dereva, hakujua kuwa pale pana watu.

Barabara zenyewe zina majina mazito. Kuna Majlis Al Taawon, ambayo ni pana kiasi kwamba mtu aliyesimama ng'ambo ya pili ni habari tu. Kuna Omar Al Mukhtar, yenye jina la yule mzee wa Libya aliyepigana na Waitaliano kwa miaka ishirini hadi wakamnyonga mwaka 1931. Ukiivuka saa saba mchana utaona kuwa jina halikutolewa ovyo.

Kanuni ya kuvuka: bonyeza kitufe cha taa hata kama unaamini hakifanyi kazi, kwa sababu kamera inakuona na faini ya kuvuka ovyo ni ya kweli. Taa ya kijani ya mtembea kwa miguu ikiwaka, usitembee. Angalia kwanza gari linalokata kulia. Halafu nenda, kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli, usikimbie. Anayekimbia West Bay hutazamwa na walinzi wote wa mtaa, na wewe unajua jinsi tunavyotazama.

Njia ya ndani

Baada ya mwezi utaacha barabara na kuanza kutembea kwa kupitia ndani ya majengo. Hapo umeanza kuhitimu. Duka kubwa la City Center, lililofunguliwa mwaka 2001 na kujaliwa, katikati ya jangwa, uwanja wa kuteleza kwenye barafu, ndilo barabara kuu ya mtembea kwa miguu wa West Bay. Unaingia mlango huu ukiwa unachuruzika, unapita mbele ya saa ambazo bei yake haikuandikwa, unatokea mlango wa pili ukiwa umekauka na umeokoa mtaa mzima wa jua. Beba mfuko wa karatasi wenye jina la duka. Mfuko uleule utakufaa mwaka mzima ukiukunja vizuri. Mtu mwenye mfuko ni mteja. Asiye na mfuko anazurura.

Mlangoni utakutana na mwenzako. Atakuwa wa Kakamega, au Mbale, au Kumasi. Adabu ya hapo ni nyembamba sana, iangalie: kichwa kiinamishwe kidogo, "Habari ya zamu" isemwe bila kufungua mdomo sana, na usisimame kuongea, maana kamera ipo juu yake si juu yako. Akikuuliza kwa sauti kubwa "Can I help you, sir?" usikasirike. Kuna bosi nyuma yako.

Lakini angalia siku. Kwa miaka mingi maduka makubwa ya Doha yamekuwa na desturi ya siku ya familia, hasa Ijumaa, ambapo mwanamume aliyekuja bila mke wala mtoto hugeuzwa mlangoni. Katika nchi ambayo wanaume wamewazidi wanawake kwa mbali, kwa sababu nchi yenyewe iliwaagiza wanaume hao na kuwaacha wake zao kwao, hii ni desturi yenye mantiki ya aina yake. Anayemgeuza ni mlinzi. Mlinzi huyo naye, akivua sare saa kumi na mbili jioni, ni mwanamume aliyekuja bila mke wala mtoto. Nimeona watu wawili, mmoja ndani ya sare na mmoja nje, wa kitanda cha juu na kitanda cha chini katika chumba kimoja, wakielezana kanuni hii kwa Kiingereza kizuri sana.

Minara na namna ya kuingia

Wageni hujifunza minara kwa majina, wewe jifunze kwa milango ya nyuma. Mlango wa mbele wa kila mnara una marumaru, ua moja kubwa la bandia, na makochi ya ngozi ambayo hayakuletwa kukaliwa. Mlango wa nyuma una mapipa, paka, lifti ya mizigo, na habari zote za jengo.

Hata hivyo kuna miwili mitatu ya kuangalia. Tornado Tower, ya mwaka 2008, imebanwa kiunoni. Ukiitazama kutoka chini huoni kiuno, unaona tumbo la juu likikuinamia. Doha Tower, ya Mfaransa Jean Nouvel, ilikamilika mwaka 2012, ina mita 238, ni ya mviringo na imefunikwa gubigubi kwa matabaka ya nyavu za alumini zilizokatwa mfano wa mashrabiya, yale madirisha ya mbao ambayo mtu wa Lamu, Mombasa au Zanzibar haoni ajabu yake. Kazi ya nyavu ni kuchuja jua kabla halijafika kwenye kioo, na upande wa kusini zimekazwa zaidi kuliko kaskazini. Ndilo jengo la pekee mtaani, kwa maoni yangu, lililochorwa na mtu aliyetoka nje akaangalia juu. Mwaka uleule lilitajwa kuwa jengo refu bora kuliko yote duniani. Umbo lake lina jina la utani ambalo mwongozo huu hautalitaja. Muulize dereva yeyote wa teksi.

Kupanda juu si rahisi. Lifti za minara mingi hazisogei bila kadi, na kadi inajua ghorofa yako. Watu hulipa pesa nyingi kula chakula cha jioni ghorofa za juu ili waione bahari. Mwongozo huu unakushauri njia nyingine: omba zamu ya usiku. Mlinzi wa usiku hupiga raundi, na raundi huanzia paa na kushuka. Saa tisa usiku utasimama ghorofa ya arobaini na kitu, peke yako, ofisi zote ziko wazi, kiyoyozi kinanguruma, na Ghuba yote ipo miguuni pako na meli za gesi zikiwaka mbali. Gusa kifaa cha raundi ukutani ili ijulikane umefika. Unaruhusiwa kubaki hapo dakika moja. Ukibaki mbili, redio itakuuliza kama una tatizo.

Usikae kwenye kiti cha meneja. Sababu si kamera. Ni kwamba utakikuta kinakukaa vizuri, na bado una ghorofa arobaini na kitu za kushuka.

Chai

Chini ya mnara wako kuna mkahawa unaouza kahawa kwa riyali ishirini na kitu. Mshahara wa chini kisheria, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, na nyongeza ya 500 ya malazi na 300 ya chakula kama kampuni haikupi vyenyewe. Gawanya mwenyewe. Kahawa ile inafaa kunuswa unapopita, na kunusa hakujawekewa ada.

Wewe unatafuta karak. Ni chai ya majani iliyochemshwa mpaka ikakasirika, na maziwa ya kopo, iliki na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na bei yake ni riyali moja au mbili. Huuzwa na Wahindi wa Kerala katika vibanda vyenye mwanga mkali, pamoja na porota iliyoviringishwa yai, ambayo ni chapati yetu iliyosafiri. Tatizo ni kwamba West Bay haikupangiwa vibanda. Ilipangiwa hoteli. Kwa hiyo karak hujificha: nyuma ya pampu ya petroli, ndani ya uchochoro wa nyumba za ghorofa mbili zilizosahauliwa kubomolewa, kwenye dirisha moja la duka la vocha. Fuata madereva wa mabosi. Wamemshusha mtu saa mbili, watamchukua saa tisa, na katikati hapo hawana kazi isipokuwa kujua chai nzuri iko wapi.

Ukifika utaona magari yamesimama mbele ya kibanda yakipiga honi, na kijana anakimbia na trei. Ndivyo karak inavyoagizwa: mteja hashuki. Wewe huna honi. Wageni husimama pale kwa heshima, wakingoja zamu yao, na magari sita huja na kuondoka. Nenda dirishani moja kwa moja, gonga kioo kwa sarafu. Mpishi akikuuliza umekuja na gari gani, mwambie nyeupe.

Kuondoka West Bay

Utalii kamili wa mtaa huu unahitaji kutoka ndani yake, kwa sababu ulijengwa utazamwe kutoka mbali. Ndani yake unaona vifundo vya miguu tu. Ijumaa, kama kampuni yako inakumbuka kuwa kuna Ijumaa, panda metro. Ilifunguliwa mwaka 2019, nauli ni riyali mbili, haina dereva, na ni baridi kuliko Limuru. Ina daraja la dhahabu kwa riyali kumi, ambalo hufika stesheni sekunde ileile mnayofika ninyi wengine. Ina pia sehemu ya familia. Dada zetu wenye sare wanakaa huko kwa raha zao. Wewe ukiingia huko peke yako utatolewa kwa upole na kijana wa stesheni, ambaye pengine ni wa Gulu, na mtafahamiana.

Kutoka stesheni ya West Bay unapita Corniche, unapita Al Bidda, unashuka Msheireb. Karibu na hapo ipo Nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho iliyofunguliwa mwaka 2015 katika nyumba ya zamani iliyotengenezwa upya. Inaeleza utumwa wa Bahari ya Hindi: namna watu walivyochukuliwa kutoka mahali pengi, pwani yetu ikiwamo, wakaletwa huku kufanya kazi za nyumbani na kuzamia lulu, hadi utumwa ulipofutwa Qatar mwaka 1952. Waliozaliwa mwaka huo bado hawajafika themanini. Makumbusho haikufumba macho kuhusu mambo yake, nayo ina sehemu inayozungumzia utumwa wa siku hizi, na mfanyakazi mhamiaji anayenyonywa ametajwa. Sina kejeli ya kuweka hapa. Nenda na kitambulisho chako cha ukaazi mfukoni, usome polepole, kiyoyozi ni kizuri. Mlinzi wa mlangoni ameshasoma vyote.

Ukitoka, tembea hadi Souq Waqif uangalie boriti zilizochomoza ukutani, kisha endelea hadi bustani ya Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, ile ya I. M. Pei ya mwaka 2008. Kaa kwenye nyasi, ukingoni mwa maji. Ng'ambo ya ghuba utaona mtaa wako wote umesimama mstari mmoja, piramidi ya Pereira upande mmoja na vijana wake warefu nyuma, na jua likizama vioo vyote hushika moto kwa pamoja. Mrembo kweli, mtaa huu. Kutoka hapa huoni njia ya miguu iliyokatika wala pipa, na mlango wako huuoni kabisa.

Picha ya kutuma nyumbani

Hapa ndipo utapiga picha. Kuna masharti. Usipige watu bila ruhusa, ni kosa la kisheria. Usipige majengo ya serikali kwa karibu, na West Bay imejaa wizara. Vaa shati lako mwenyewe, la dukani, lisilo na nembo begani. Viatu vya kampuni vifiche majanini. Simama kwa namna ambayo mnara unatokea nyuma ya bega la kushoto, usicheke sana, tazama mbali kama mtu anayengoja simu kutoka Geneva.

Ukishaituma, mambo yatakwenda kwa mpangilio unaojulikana. Mama ataandika "Mungu ni mwema". Rafiki wa shule uliyesahau jina lake ataandika "Boss!" na mioto mitatu. Kabla ya isha utakuwa umeingizwa katika makundi mawili ya WhatsApp: moja la harusi ambayo huwajui maharusi wake, jingine la kumalizia paa la kanisa au msikiti, na jina lako limeshaandikwa kwenye orodha ya ahadi, na tarakimu imeshajazwa. Minara hii ndiyo iliyokuponza. Ungepiga picha mbele ya ghala la Industrial Area ungechangishwa kidogo.

Usijitetee kwa kueleza mshahara, hawatakuamini, wana ushahidi wa picha. Usiseme uongo pia, maana binamu yako atauza shamba la miwa kumlipa ejenti aje afanye kazi "kwenye kampuni yako". Kwa huyo binamu nyamaza kidogo, mpigie simu ya kawaida, mweleze zamu ya saa kumi na mbili, kitanda cha juu na basi la saa kumi alfajiri. Kama bado anataka kuja, mwambie alete viatu vyake mwenyewe na asimlipe mtu yeyote kwa fedha taslimu bila risiti.

Shangazi mkubwa ndiye atakayeuliza swali lenyewe, kwa sauti iliyorekodiwa, mbele ya ukoo mzima kundini. Atataka kujua katika hilo jengo refu ofisi yako iko ghorofa ya ngapi. Bonyeza kitufe, sogeza simu karibu na mdomo, umjibu ukweli mtupu: "Zote, shangazi. Funguo ninazo mimi."